Sura ya Tisa: Jumanne Peke Yake

Kabla ya chai ya saa nne, Koplo alikuwa ameshaimaliza kesi. Alibandika ramani ya mji ukutani, akachora duara jekundu kulizunguka ghala la nyaya za umeme, na katikati ya duara akatia nukta nene iliyofunika nusu ya mtaa. Kisha akarudi nyuma, mikono kiunoni, kama mtu aliyemaliza kuipaka nyumba yake rangi.

"Huyu hapa," alisema. "Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mlinzi anasikia mlango wa chuma unaburuzwa, anazunguka nyuma, anakuta ghala wazi na mabunda ya nyaya za shaba hayapo. Wakati huohuo simu ya Kimya inasomwa na mnara ulio jirani na ghala. Afande, tunasubiri nini?"

Afande aliyeulizwa alikuwa Inspekta, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa uzi na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili. Vijana wa kituo walimwita Shangazi akiwa hayupo. Yeye alijua, wala hakulichukia jina hilo, kwa kuwa shangazi ana ruhusa ya kumsema mtu yeyote.

Kimya, aliyekuwa mahabusu tangu jana, ni mwoka mikate katika kiwanda kilichoko upande wa pili wa mji. Zamani alikuwa mtunza stoo kwenye ghala lililoibiwa, hadi siku alipogombana na mwenye ghala mbele ya wateja. Inasemekana ndiyo siku pekee maishani mwake aliyopandisha sauti. Kwa hiyo wizi ulipotokea, mwenye ghala hakufikiri mara mbili, alitaja jina. Polisi wakapeleka namba ya simu yake kwenye kampuni ya simu, na jibu likarudi na mnara.

"Mnara huu unasikia simu mpaka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Inategemea, Afande."

"Nionyeshe kwa kidole."

Koplo alipitisha kidole kwenye ramani: shule ya bweni, soko, hospitali kuu, akarudi ghalani. Kidole kilichukua muda kufika.

"Basi hujaniletea mtu. Umeniletea mtaa."

"Lakini kiwandani kwao hakumo kwenye mtaa huo!"

"Hilo ndilo linaloniuma kichwa," alikiri Inspekta. Simu haikuwa kiwandani. Hapo Koplo alikuwa na haki yake, na Inspekta hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake haki yake hata kama alikuwa anajivuna nayo.

Mkuu wa upelelezi alichungulia mlangoni, bilauri ya maji mkononi. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri, na likifika huko Kimya angepelekwa gerezani kusubiri kesi, na kesi za mji huo zilisubiriwa kama mvua ya kiangazi.

"Simu haisemi uongo," Mkuu alisema.

"Haisemi uongo, Mkuu. Ila haisemi nani ameibeba."

"Una mpaka saa tisa," akajibu, akaenda zake.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, uliowekewa kipande cha boksi chini yake. Kimya aliweka mikono juu ya meza. Ilikuwa na makovu madogo ya moto, ya zamani na ya juzi. Koplo alianza, kwa sababu alipenda kuanza.

"Jumanne alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini sehemu gani?"

"Kwenye tanuri."

"Nani alikuona?"

"Mkate."

Koplo alivimba. Inspekta akamgusa kiwiko. "Ana maana yuko peke yake huko nyuma," alisema. "Sivyo, mdogo wangu?"

"Ndiyo, Afande. Msimamizi hupita mara mojamoja."

"Tuna ushahidi kwamba ulikuwa karibu na ghala," Koplo alisema.

"Ushahidi gani?"

"Hapa tunauliza sisi. Ifungue simu yako tuone."

"Hapana."

"Mtu asiye na kosa anaficha nini?"

Kimya alimtazama kwa upole. "Afande, ukiingia bafuni unafunga mlango?"

"Nafunga."

"Huwa unafanya kosa gani humo?"

Inspekta alikohoa kwenye kiganja hadi kicheko kikapita. Lakini macho yake yalikuwa kazini. Kila Koplo alipotaja simu, Kimya hakumtazama Koplo wala simu iliyokuwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya meza. Alitazama mlango.

Nje ya mlango huo kulikuwa na benchi, na juu ya benchi kulikuwa na mtu mmoja tu. Dada yake Kimya alikuwa fundi cherehani, na alikuwa ametoka mbio hata akasahau kuvua utepe wa kupimia shingoni. Inspekta alipotoka, dada huyo alisimama.

"Afande, huyu nimemlea mimi tangu ana meno ya utotoni. Mama alitangulia mbele ya haki. Baba alitoka kwenda kununua betri za redio, hajarudi mpaka leo. Nimemkuza kwa sindano na uzi. Mwizi si huyu."

"Amekataa kufungua simu yake."

"Kwa nini? Hana anachonificha! Ifungueni, hata kwa nyundo!"

"Kaa kwanza, dada. Umekunywa hata maji?"

Hakuwa amekunywa. Inspekta alimletea mwenyewe, akamwacha ameshika bilauri kwa mikono miwili.

Ghalani, mlinzi aliwazungusha kwa mara ya tatu katika siku tatu, na kila mara hadithi yake ilipata nyama mpya. Leo ilipata gari. "Kulikuwa na gari la mkate limesimama ng'ambo ya barabara," alisema. "Injini inanguruma."

"Jana hukusema!"

"Jana hamkuuliza habari za mkate."

Inspekta aliinama kwenye kufuli la mlango wa chuma, akavaa miwani, akalitazama kwa muda. Halikuwa na mkwaruzo. Akauliza kama Kimya aliondoka na funguo alipofukuzwa. Mlinzi alisema hapana, alizirudisha mbele ya watu, akazitupa mezani kwa kishindo.

Ndani ya gari la polisi Koplo alikuwa hashikiki. "Gari la mkate, Afande! Nani hukagua mkate? Kimya anajua ghala, dereva ana gari. Shaba chini, mikate juu. Tuwashike wote wawili."

"Umeoa, Koplo?"

"Ndiyo, Afande."

"Ulioa siku hiyohiyo uliyomwona?"

Koplo alihesabu nguzo za umeme mpaka kituoni.

Mkuu alikuwa na kanuni yake, nayo ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: usimwonyeshe mtuhumiwa ulichonacho. Tangu Kimya akamatwe, kila mtu aliifuata. Inspekta alifunga mlango wa chumba cha mahojiano, akaketi, akaivunja.

"Nakwambia ukweli, mdogo wangu. Hatuna mtu aliyekuona. Hatuna alama ya kidole. Tuna simu yako. Jumanne, saa ya wizi, ilikuwa jirani na ghala."

"Simu?"

"Simu."

"Ni simu tu?" Kimya alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyejiandaa kupigwa gongo akapigwa kanga. "Afande, kiwandani kwetu hakuna anayeingia na simu. Zamani simu ya mtu ilitumbukia kwenye kinyunga, ikaokwa. Mteja akaikuta ndani ya mkate. Tangu hapo msimamizi wetu, Mama Hamira, anazikusanya zote mlangoni, anaziweka kwenye kreti, anafunika kitambaa. Unachukua yako ukitoka."

Koplo aliacha kuandika. "Na hiyo kreti inakaa wapi?"

"Palepale, mlango wa kupakilia. Haiendi popote."

"Basi simu imetembea kwa miguu yake?"

"Hilo mimi sijui."

"Simu inajua," Inspekta alisema. "Mnara unatupa mtaa tu. Simu yenyewe, kama kumbukumbu ya mahali imewashwa, ina njia nzima, kituo kwa kituo. Imewashwa?"

Kicheko kilikatika. "Imewashwa," alisema. "Mwezi uliopita iliniletea ujumbe, eti hizi ndizo sehemu ulizotembelea. Kuna mahali palikuwa pa kwanza kwenye orodha. Sikuwahi kuiambia inifuate, Afande. Wala sikujua pa kuizima."

"Ni mahali pa uhalifu?"

"Hapana, wallahi."

"Basi usiniambie ni wapi." Inspekta alisogeza kiti. "Wewe hunihofii mimi. Unahofia benchi lililo nje."

Kimya aliinamisha kichwa. "Jana nilipoletwa, mkuu wenu alikuwa kaunta anasoma ujumbe wa jamaa mmoja kwa sauti. Mke wake amesimama hapohapo. Nikasema, mimi bora nikae ndani."

Koplo alitazama dari. Inspekta alijua kuwa ni kweli, kwa sababu alikuwepo, na hakumkataza. Aliona haya, na haya hiyo ikamfanya aongee taratibu zaidi.

"Sikiliza ninachokupa. Simu itakaa mkononi mwako. Utaifungua wewe, utachagua siku wewe. Jumanne peke yake. Koplo atapiga picha ya kioo, na mimi nitaandika kwa mkono wangu kwamba ruhusa yako inaishia hapo. Siku nyingine usizifute, maana ukifuta leo watasema umeharibu ushahidi. Zitakaa zilipo, ila hakuna atakayeziona."

"Na mkuu wenu akitaka zaidi?"

"Akaombe kwa hakimu. Na hakimu ataniuliza mimi kama kuna haja, nami nitasema hakuna."

Kimya alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Koplo alianza kuchungulia saa. Kisha akanyoosha mkono, akapewa simu, akawageuzia mgongo kama mtu anayevua shati. Alipogeuka tena, kiganja kilikuwa kimefunika nusu ya kioo na kidole gumba kilikuwa juu ya Jumanne.

Mstari wa buluu ulitoka kiwandani. Pembeni yake simu ilikuwa imeandika kwa kujiamini kabisa kwamba mwenyewe anaendesha gari.

"Una leseni?" Koplo aliuliza.

"Hata baiskeli inanishinda."

Mstari ulisimama kwenye duka la kona. Ukasimama shule ya bweni. Ukasimama duka linalotazamana na ghala la nyaya, na saa iliyoandikwa pale ilimfanya Koplo avute pumzi. Ukaenda hospitali kuu, upande wa jikoni. Kisha ukageuka ghafla na kurudi kiwandani moja kwa moja, bila kusimama popote.

Inspekta alivua miwani. "Niambie, Koplo. Mwizi gani huyu anabeba shaba ya watu, halafu anapita kila mahali panapopokea mkate?"

"Kwa hiyo ni gari la mkate."

"Ni gari la mkate. Sasa twende tukaulize lilibeba nini zaidi ya mkate."

Kiwandani unga ulikuwa umetanda kila mahali, hata kwenye kope za watu. Mama Hamira, msimamizi, alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, na jina hilo alipewa kwa sababu jambo dogo likipita kwake lilikuwa linaumuka. Dereva alikuwa anaosha gari uani. Alipowaona polisi aliendelea kuosha palepale alipokwisha kuosha.

"Jumanne alfajiri ulisimama mbele ya ghala la nyaya?" Inspekta aliuliza.

"Mimi? Sikumbuki."

"Mlinzi anakumbuka."

"Mlinzi yule hulala, Afande."

"Hukupeleka mkate duka la ng'ambo?"

"Labda."

"Labda mkate au labda duka?"

Dereva alimtazama Mama Hamira. Mama Hamira alimtazama dereva. Inspekta alilea watoto wawili, na aliwahi kuwaona wakitazamana hivyohivyo siku kikombe cha wageni kilipovunjika. Koplo alikuwa tayari ameshika pingu, amenuia kuchimba chini ya viti kutafuta shaba. Inspekta akabadilisha swali.

"Kreti ya simu iko wapi?"

Mama Hamira alikaa juu ya gunia la unga, puu, vumbi likapanda.

"Nilimwambia huyu," alisema. "Nilimwambia siri ya wawili ni tangazo."

"Nieleze taratibu, mama."

"Jumanne niliweka kreti ya simu juu ya zile nyingine dakika moja tu, nikamfungulie mtu aliyechelewa. Rangi ni moja, kitambaa ni kimoja. Nageuka, mpakiaji amemaliza, gari limeondoka. Nami nitampigiaje dereva? Simu yangu nayo imo humo humo! Nikasimama hapa na mikono kichwani."

"Mimi nilijua nilipofika jikoni hospitali," dereva alidakia, mzigo ukimtoka kifuani na sauti ikirudi. "Nafungua mlango, Afande, mkate unalia. Nakwambia mkate unalia! Nikadhani nimechanganyikiwa. Nafunua kitambaa, simu zote zinanitazama, na moja inapiga kengele ya kuamsha watoto. Mpishi wa hospitali alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi mbio, tukairudisha mahali pake kabla ya zamu kutoka. Mwenye kiwanda angejua tungefukuzwa wote wawili. Tukaapizana tusiseme."

"Na Kimya amelala ndani!" Inspekta alisema.

"Kwa wizi!" Mama Hamira alilia. "Tumeambiwa ni wizi wa nyaya na ushahidi upo. Nani alitaja simu? Huyu mwanangu hapa," akamnyooshea Koplo kidole cheupe kwa unga, "jana alikuja akaniuliza, Kimya alikuwepo? Nikasema alikuwepo, nimempelekea maji kwenye tanuri mimi mwenyewe. Akaandika. Nikamchungulia, ameandika 'wanateteana.' Ningejua mmemshikia simu, Afande, ningekuja kituoni pekupeku!"

Koplo aligundua kwamba viatu vyake vinahitaji kutazamwa.

Inspekta alimtuma apige simu jikoni hospitali. Alipiga, akajitambulisha kwa cheo chake chote, akasikiliza, na uso wake ukajikunja kwa kuzuia kucheka. Mpishi alikumbuka. Aliliona gari wazi mpaka ndani, mkate mtupu kutoka sakafuni hadi juu, na habari ya mkate unaolia alikuwa ameshawasimulia wagonjwa wa wodi zote.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Mkuu angesema mpishi hakuona simu ni za nani. Inspekta alihitaji simu ya pili iliyosafiri siku ile, ya mtu asiyejua hata ghala liko wapi. Akawaeleza wafanyakazi waliokuwepo: anayetaka, kwa hiari yake, kama kumbukumbu ya mahali imewashwa kwenye simu yake, amwonyeshe Jumanne. Na asiyetaka asilaumiwe na mtu.

Watu walitazamana. Wengi waliingiza mikono mifukoni.

"Mimi hapa!" Alijitokeza mfungaji mikate aliyeitwa Mama Mapacha, mwenye ile kengele. "Mimi sina cha kuficha hata chembe!"

"Njoo pembeni basi, mama."

"Pembeni ya nini? Mimi ni kitabu wazi." Akaifungua simu mbele ya zamu nzima, akapiga kidole kwa fahari, na kidole kikaangukia Ijumaa badala ya Jumanne.

Mama Hamira, machozi yakiwa bado mashavuni, aliinamia kioo. Ijumaa ile Mama Mapacha aliomba ruhusa akang'olewe jino. Mstari wa buluu ulikuwa umekwenda moja kwa moja hadi ukumbi wa sherehe, ukakaa humo mpaka jioni.

"Siku hizi meno yanang'olewa ukumbini?" Mama Hamira aliuliza.

"Na bwana harusi alikuwa daktari?" dereva akaongeza.

Kiwanda kizima kilipasuka kwa vicheko. Mama Mapacha aliikumbatia simu kifuani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. Inspekta alicheka pia, hakujizuia, kisha akamshika mkono akampeleka nyuma ya magunia, na huko, wawili tu, wakaitafuta Jumanne. Duka la kona. Shule ya bweni. Duka la mbele ya ghala. Hospitali kuu. Kurudi. Mstari ule ule, saa zile zile, kwenye simu ya mwanamke ambaye zamu nzima alikuwa anafunga mikate mbele ya macho ya watu kumi.

"Imetosha, Afande?" Mama Mapacha alinong'ona.

"Imetosha, mama. Na pole kwa jino."

Mkuu alisoma maelezo ya dereva, ya Mama Hamira na ya mpishi. Alitazama picha mbili za mistari miwili, akaziweka moja juu ya nyingine, akazinyanyua dirishani kwenye mwanga. Zililingana.

"Na hizo siku nyingine za Kimya? Tungeangalia tu, kwa kuwa tumeshaifungua."

"Hatukuifungua sisi, Mkuu. Aliifungua yeye, kwa Jumanne, na nimetia sahihi."

"Sasa mwizi ni nani?"

"Bado sijui. Kufuli halikuvunjwa, lilifunguliwa. Kimya alirudisha funguo zake mbele ya watu. Kesho naanza na waliobaki nazo, na wa kwanza ni aliyeharakisha kututajia jina."

Mkuu aliinama, akachukua kalamu, akaandika hati ya kumwachia. Ilikuwa bado saa tisa kasoro. Inspekta alihisi mabega yake yakishuka, na hapo ndipo alipojua kwamba tangu asubuhi alikuwa ameyapandisha.

Kaunta, Kimya alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na simu. Koplo alijipitisha pitisha, akachana kona ya karatasi, akaikunja, akaitupa, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Niwie radhi. Nilikuandika kabla sijakuuliza."

"Yamepita, Afande."

"Lete nikuonyeshe pa kuizima. Ishike wewe mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio. Hapo pameandikwa mahali. Shuka. Kumbukumbu, izime hiyo. Sasa unaweza kufuta za nyuma ukitaka, kesi yako haipo tena." Akanyoosha shingo, kisha akakumbuka, akairudisha. "Na hizo programu nyingine, moja moja, weka ziruhusiwe unapozitumia tu. Kuna inayotaka kujua ulipo saa zote?"

"Kuna hii ya tochi."

"Tochi?"

"Tochi."

"Tochi inataka kujua uko wapi ili iweje?"

Walicheka wote wawili, na Koplo akaomba ruhusa akachungulie tochi ya simu yake mwenyewe.

Dada mtu alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alimshika ndugu yake mabega, akampapasa mikono, mgongo, kifua, kama anayempima nguo, kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Alikuwa analia na kucheka, hajui lipi litangulie. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Simu imesema nini, Afande?"

"Imesema Jumanne ilibebwa na gari la mkate."

"Na siku nyingine?"

"Sikuiuliza."

"Hata kidogo? Alikuwa radhi kulala ndani kuliko kuifungua! Mimi ni dada yake, nina haki ya kujua anakokwenda."

"Huenda unayo. Lakini siwezi kukupa nisichokichukua."

Dada alimgeukia ndugu yake. Kimya alikuwa ameishika simu. Kioo kilikuwa bado kimewaka, na swali lilikuwa linamsubiri: futa zote, ndiyo au hapana? Inspekta alikiona kidole chake kikienda kwenye ndiyo, kikasita. Kimya aliizima simu bila kuchagua, akaitia mfukoni.

"Huwa nakwenda kwa Baba," alisema.

Koplo aliacha tochi yake. Dada alirudi kukaa kwenye benchi.

"Kila Jumapili," Kimya aliendelea. "Nilimkuta mwaka jana, nikipeleka mkate na dereva badala ya mpakiaji aliyeugua. Ana chumba kimoja, anashona viatu. Macho yamepungua. Nilijua ungeumia, dada. Wewe ndiye uliyebaki nami, halafu mimi nakwenda kumchemshia maji mtu aliyetuacha. Nilishindwa nitasemaje."

Dada aliuvua utepe shingoni, akauzungusha kidoleni, akaukunjua, akauzungusha tena. Inspekta alijifanya anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Yuko hai," dada alisema mwishowe. Halikuwa swali.

"Yuko hai."

"Miaka yote hii nimekuwa nikimwombea kama maiti." Aliufuta uso kwa kiganja. "Nina maneno yake, wewe. Nina maneno ya kumwambia mzee yule mpaka aombe masikio mengine."

"Mwambie."

"Nitamtukana."

"Mtukane, dada."

Alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka, ilitoka yote. Alisimama, akamkung'uta ndugu yake unga ambao haukuwepo begani.

"Anakula vizuri?" aliuliza.

"Wali unamshinda kupika. Unaungua."

"Alikuwa hivyohivyo tangu zamani." Akamshika mkono. "Jumapili unipitie mapema."

Walitoka nje kwenye jua, dada mbele, anauliza kuhusu chumba, kuhusu macho, kuhusu nani anamfulia, na Kimya nyuma yake anajibu kila swali kwa maneno mengi.